Namna ya Kuifaidi Dar es Salaam Mkiwa Wawili

Wanandoa wengi wa Dar es Salaam hupanga mtoko kwa kuanza na mahali. Mmoja anataka Coco, mwingine anataka Kigamboni, wanabishana kidogo, wanakubaliana, kisha wanatoka nyumbani saa ile ile ambayo mji mzima umetoka. Wanafika wamechoshwa na foleni, jua bado linachoma, bahari imepwa hadi mbali na hakuna kiti kilicho wazi. Wakirudi nyumbani husema kwamba mji huu hauna pa kwenda. Ukweli ni kwamba pa kwenda ni pengi. Kinachokosekana ni kupanga saa kabla ya kupanga mahali, na maelekezo haya yamejengwa juu ya jambo hilo. Yamekusudiwa kwa watu wawili wenye kipato cha kawaida, wanaofanya kazi siku tano au sita kwa wiki, ambao hawataki kusubiri sikukuu au likizo ndipo wafurahi pamoja.

Anzeni na saa

Mambo matatu hutawala mtoko wowote wa mji huu: jua, foleni na maji ya bahari.

Jua halina maelezo mengi. Dar es Salaam haiko mbali na ikweta, kwa hiyo jua huzama kati ya saa 12 na saa 1 jioni mwaka mzima, na giza huingia upesi. Mtu anayetoka kazini Posta saa 11 jioni na kuishi Mbagala, Gongo la Mboto au Tegeta ni nadra kufika nyumbani kukiwa na mwanga, sembuse kubadili nguo na kutoka tena. Ndiyo maana mtoko wa siku ya kazi haufai kuanzia nyumbani. Kutaneni huko huko mjini, au karibu na kazini kwa yule ambaye eneo lake lina pa kukaa, na muutumie pamoja ule muda ambao kila mmoja angeumaliza peke yake akiwa amesimama ndani ya daladala. Kuanzia saa 11 jioni barabara za Bagamoyo, Nyerere, Kilwa na Mandela hujaa magari, na msongamano huanza kupungua baada ya saa 2 usiku. Mkitembea na kula katika saa hizo, mtachelewa kidogo kufika nyumbani, lakini mtafika mmeshiba, hakuna anayekimbilia jikoni, na hakuna aliyebeba hasira za barabarani.

Bahari inahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu wengi wetu tuliokulia bara huichukulia kama kitu kisichobadilika. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa takribani saa 24 na dakika 50, na hivyo wakati wa kujaa husogea mbele kwa dakika 50 hivi kila siku. Siku za bamvua, tofauti ya kimo kati ya maji yaliyojaa na maji yaliyopwa hupita mita 3, kiasi kinachotosha kuigeuza fukwe ya kuogelea kuwa uwanja wa miamba na vidimbwi. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na katika pwani hii siku hizo maji hujaa karibu na saa 10 alasiri na kupwa karibu na saa 4 asubuhi. Wiki moja baadaye, wakati wa maji mafu, ratiba hugeuka: maji hujaa kwenye saa 4 asubuhi na kupungua alasiri, ingawa hayaendi mbali kama siku za bamvua.

Mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani hana haja ya jedwali la bandarini. Tarehe 1 hadi 3 na tarehe 14 hadi 17 za mwezi mwandamo ni siku za kwenda kuogelea alasiri, au kwenda asubuhi kutembea juu ya miamba iliyoachwa wazi na kuwatazama akina mama na vijana wakitafuta pweza. Tarehe 7 hadi 9 na 21 hadi 23 zinafaa zaidi kuogelea asubuhi, kabla ya jua la saa 6. Msitembee juu ya miamba bila viatu, na msisahau kwamba siku ya bamvua maji hurudi kwa kasi kuliko mnavyodhani.

Kibubu kabla ya safari

Ugomvi wa mitoko mara nyingi ni ugomvi wa fedha uliovaa nguo nyingine. Nunueni kibubu kwa fundi seremala, kile cha mbao kisichofunguka bila kuvunjwa, na kila mmoja atumbukize kiasi kinacholingana na kipato chake, si lazima nusu kwa nusu. Fedha za simu ni rahisi kuzihifadhi lakini ni rahisi mno kuzitumia, na mtoko wa mwisho wa mwezi huishia kwenye luku na maji. Siku ya kutoka, tengeni kwanza nauli ya kurudi na muiweke mfuko mwingine. Kilichobaki ndicho cha kutumia, na mwenye kukishika awe mmoja, ili asitokee mtu wa kupeana macho na mwenzake wakati mhudumu anapoleta hesabu. Ulizeni bei kabla ya kukaa, hasa ufukweni. Hakuna muuzaji anayeudhika kuulizwa, na anayeudhika amewasaidia kujua pa kutokaa.

Geuzeni shughuli ya nyumbani kuwa mtoko

Hapa ndipo wanandoa wengi wanapopoteza nafasi nzuri kuliko zote. Jumamosi ya kawaida ina kufua, kufagia, kwenda sokoni, saluni kwa mmoja na kinyozi kwa mwingine. Kwa kawaida kazi hizo hugawanywa ili ziishe haraka, na kila mtu huenda zake. Gawaneni zile za ndani, lakini sokoni nendeni pamoja.

Soko la samaki la Feri ndilo la kuanzia. Fikeni saa 12 au saa 1 asubuhi, boti zinapokuwa zimeshusha na mnada unaendelea, kwa sababu ikifika saa 4 joto, inzi na msongamano vimeshika nafasi na samaki wazuri wamekwenda. Tembeeni mzunguko mmoja bila kununua chochote. Mtawaona kibua na dagaa kwa wenye mfuko mdogo, changu na tasi wa kuchoma au kukaanga, kolekole, nguru na jodari wanaouzwa kwa vipande au mzima. Samaki mpya ana macho maangavu yasiyozama, matamvua mekundu, na nyama inayorudi mahali pake ukiibonyeza kwa kidole. Bei ya mnadani ni ya mafungu makubwa. Msione aibu kuungana na mtu mwingine anayetaka nusu ya fungu, kwa kuwa ndivyo wakazi wengi wanavyofanya. Mkishanunua, wapo vijana wanaopaa samaki, kuwapasua na kuwaosha kwa malipo madogo, na ni busara kuwalipa kuliko kujaza magamba kwenye sinki la nyumbani. Nendeni na ndoo yenye mfuniko au begi la barafu, vaeni viatu vinavyooshwa, na muache simu ndani ya mfuko unaofungwa.

Wauza samaki watawaita kwa majina yote: dada, mama, kaka, bosi, na yule mcheshi atamwita mume shemeji ili amwambie mke kwamba leo hawezi kuondoka mikono mitupu. Jibuni kwa utani ule ule. Kupatana bei kwa sauti ya ukali humaliza hamu ya asubuhi nzima, na punguzo huwa dogo zaidi ya lile la anayecheka.

Kabla ya kuondoka, kuleni hapo hapo. Wakaangaji wapo, na samaki aliyetoka mnadani dakika 20 zilizopita akaingia kwenye mafuta hahitaji zaidi ya chumvi, ndimu na pilipili. Supu ya pweza nayo inapatikana karibu, pamoja na mizaha yote inayoambatana nayo kuhusu nguvu za wanaume. Mke anywe naye, kwani hakuna sheria inayomzuia.

Kariakoo inataka mbinu tofauti. Msiende kwa ajili ya kutazama tu, kwa sababu watu wa huko wana haraka na mtasukumwa. Nendeni mkiwa na orodha ya vitu vitatu, siku ya katikati ya wiki kama mnaweza, saa 3 asubuhi. Jengo la soko kuu, lililobuniwa na msanifu majengo Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, linajulikana kwa paa lake la miavuli ya zege, na liliungua Julai 2021. Lakini biashara ya Kariakoo haijawahi kukaa ndani ya jengo moja. Nguo zimejaa Mtaa wa Congo, na kila bidhaa nyingine ina mtaa wake. Mkimaliza manunuzi, tafuteni mzee wa kahawa kwenye kijiwe cha karibu. Kahawa chungu na kipande cha kashata ni burudani ya bei ndogo kuliko zote mjini, na ingawa vijiwe hivyo vimezoeleka kuwa vya wanaume, mwanamke akifika na mumewe akasalimia vizuri hupishwa benchi bila neno.

Kutembea katikati ya mji Jumapili asubuhi

Eneo la Posta siku ya kazi ni la magari na watu wenye mabegi. Jumapili kabla ya saa 4 ni mji mwingine kabisa: mitaa mitupu, kivuli kirefu cha majengo, na upepo wa bandarini unaofika hadi Samora. Pandeni Mwendokasi hadi kituo cha mwisho cha Kivukoni; mabasi hayo yalianza kutoa huduma Mei 2016, na Jumapili asubuhi ndiyo siku ambayo mnaweza kukaa wote wawili. Kutoka hapo fuateni barabara ya ufukweni mkiiacha bandari mkono wa kushoto.

Mtapita kanisa la Kilutheri la Azania Front lenye mnara na paa la vigae vyekundu, kisha kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, yote mawili yakiwa yamejengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19 na kukamilika mwaka 1902. Kama mnasali katika mojawapo, ibada ya kwanza na matembezi haya vinapangika vizuri pamoja. Mbele kidogo lipo Boma la Kale, lililojengwa enzi za Sultani Majid wa Zanzibar katika miaka ya 1860, alipoanza kuujenga mji huu. Lina kuta nene za mawe ya matumbawe na mlango wa kuchongwa, na ni mahali pazuri pa kusimama na kujiuliza mji ulikuwa na ukubwa gani wakati watu wake walikuwa wachache kuliko abiria wa pantoni mbili. Sensa ya mwaka 2022 iliuhesabia mkoa huu watu 5,383,728.

Pandeni kutoka hapo hadi barabara ya Samora na mgeuke kulia. Kwenye mzunguko wa Samora na Azikiwe imesimama Sanamu ya Askari, ya shaba nyeusi, iliyozinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi Waafrika waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Kabla yake, mahali hapo palikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, ambayo Waingereza waliiondoa baada ya kuuteka mji mwaka 1916. Watu wanaoipita kila siku kwa miaka kumi hawajawahi kusoma maandishi yake, ambayo yapo kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Yasomeni.

Endeleeni na Samora hadi mwisho, kwenye Bustani ya Mimea iliyoanzishwa mwaka 1893 kwa ajili ya kujaribu mazao ya biashara. Imepungua sana, lakini miti mikubwa bado ipo, kivuli kipo, na tausi hutembea kana kwamba wao ndio wanaolipia kodi ya ardhi. Mkabala na bustani ni Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa mwaka 1940. Tengeni saa moja na nusu humo. Fuvu la Zinjanthropus ambalo Mary Leakey alilipata Olduvai mwaka 1959, lenye umri wa takribani miaka milioni 1.75, linahifadhiwa na taasisi hii, na upo pia ukumbusho wa waliouawa katika mlipuko wa ubalozi wa Marekani wa tarehe 7 Agosti 1998. Kiingilio cha raia ni kidogo kuliko cha mgeni, kwa hiyo bebeni vitambulisho. Ushauri wangu ni kwamba kila mmoja achague chumba kimoja na amwelezee mwenzake alichokiona, badala ya kupita vyumba vyote kwa kimya huku mmetazama simu.

Kijiji cha Makumbusho kilichopo barabara ya Bagamoyo ni mtoko wa siku nyingine. Nyumba za makabila mbalimbali zimejengwa kwa ukubwa wake halisi, na wanandoa wa makabila mawili watapata mabishano ya kutosha: nani alijua kujenga, nyumba ya nani ingevuja, na mkwe angelala upande gani.

Kuvuka maji kwa shilingi mia chache

Pantoni ya Magogoni ni usafiri kwa watu wa Kigamboni na matembezi kwa watu wengine wote. Nauli ya mtembea kwa miguu imekuwa shilingi 200 kwa miaka mingi, na hulipwa kwa N-Card, kadi ile ile inayotumika kuingilia uwanja wa mpira. Simameni ubavuni, si katikati ya magari. Safari ni ya dakika chache, lakini inaonyesha kitu ambacho hakionekani kutoka barabarani: mji wote umesimama mbele yenu, kuanzia Feri hadi minara ya Posta, na meli kubwa zinapita kwenye mlango mwembamba wa bandari karibu kiasi cha kusoma majina yake.

Saa inayofaa kuvuka kwenda Kigamboni ni asubuhi, na ya kurudi ni alasiri kabla ya saa 10, au baada ya saa 2 usiku. Katikati ya hapo mtasukumana na watu waliotoka kazini. Upande wa pili chukueni bajaji au daladala kuelekea fukwe za Mikadi na Kipepeo, ambako sehemu nyingi hutoza kiingilio kidogo ambacho mara nyingine hukatwa kwenye chakula, ulizeni getini. Agizeni chakula mara tu mnapofika. Samaki wa kuchoma huchukua saa nzima, wakati mwingine zaidi, na njaa ni mshauri mbaya wa watu wawili waliokaa chini ya mwembe mmoja. Wenye gari wanaweza kurudi kwa Daraja la Nyerere lililofunguliwa Aprili 2016, lenye urefu wa mita 680, ambalo magari hulipia. Watembea kwa miguu hupita bure, na machweo yanaonekana vizuri kutoka juu yake.

Jioni: jua linazama upande gani?

Swali hili ni la maana kuliko linavyosikika. Coco Beach inatazama mashariki. Wanaokwenda hapo kupiga picha ya jua likizama baharini huishia kupiga picha ya jua likizama nyuma ya maghorofa. Jua la kuzama juu ya maji linaonekana upande wa magharibi wa rasi ya Msasani, kama vile Slipway, unakoitazama ghuba. Vinywaji vya huko vina bei ya rasi; soda moja moja inatosha, na kutazama ni bure.

Coco ina jambo lake ambalo wengi hawalitumii. Usiku wa mwezi mpevu, mwezi huchomoza karibu na wakati ule ule jua linapozama, na kwa kuwa fukwe inatazama mashariki, unatoka moja kwa moja baharini. Siku hiyo hiyo ni bamvua, maana yake maji yalijaa saa 10 alasiri. Mpango wake ni huu: fikeni saa 10, ogeleeni mahali ambapo watu wengine wanaogelea na ambapo hakuna mawe, tokeni maji yakianza kupungua, badilisheni nguo, kisha agizeni mihogo ya kukaanga yenye kachumbari na pilipili, mishikaki ya kuhesabu vijiti, na madafu. Ifikapo saa 12 na nusu hivi geuzeni viti. Jumapili fukwe hujaa watu na muziki wa kila aina. Mwezi mpevu ukiangukia Jumanne au Jumatano ndipo bahati imewaangukia. Mkimaliza, tembeeni penye taa na watu, kwa sababu vibaka nao wanaujua mwezi.

Wasiopenda mchanga watembee juu ya Daraja la Tanzanite, lililozinduliwa Machi 2022, lenye urefu wa kilomita moja na kidogo na njia ya waendao kwa miguu. Saa 11 na nusu jioni upepo ni mzuri, magari ya Daraja la Selander yanaonekana yamekwama upande wa pili, na mwendo wa kwenda na kurudi unatosha kumaliza mazungumzo moja magumu. Wanandoa wengine huona ni rahisi kuzungumzia kodi ya nyumba au mama mkwe wakiwa wanatembea bega kwa bega kuliko wakiwa wametazamana mezani.

Kuhusu kushikana mikono hadharani: kunakubalika mahali pengi, zaidi ya hapo kunavuta macho na maneno. Mwezi wa Ramadhani, hata kama nyote wawili si Waislamu, msile wala kunywa barabarani mchana. Badala yake hamishieni mitoko usiku, kwa sababu baada ya futari mitaa ya uswahilini huchangamka kuliko mwezi mwingine wowote.

Siku nzima nje ya nyumba

Bongoyo na Mbudya ni visiwa vya hifadhi ya bahari visivyo na wakazi. Boti za Bongoyo huondokea Msasani, na za Mbudya huondokea fukwe za Kunduchi, ambako safari ni fupi zaidi. Kuna nauli ya boti na kuna kiingilio cha hifadhi, kwa hiyo huu ni mtoko wa kuvunja kibubu, si wa kila mwezi. Ondokeni asubuhi, vaeni maboya hata kama nahodha anasema si lazima, na mjue mapema boti ya mwisho inarudi saa ngapi. Juni hadi Agosti kusi huvuma na alasiri bahari huchafuka. Anayepata kichefuchefu asubiri maleleji, wakati pepo zinapobadilishana zamu.

Kwa wanaopenda miti kuliko maji, msitu wa hifadhi wa Pugu–Kazimzumbwi uko nje kidogo ya mji kwa njia ya uwanja wa ndege. Na treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, imeifanya Morogoro kuwa mtoko wa siku moja: nauli ya kuanzia ilitangazwa kuwa shilingi 13,000 kwa daraja la kawaida, safari haifiki saa mbili, na milima ya Uluguru inawasubiri. Kateni tiketi ya kwenda na ya kurudi kwa pamoja, kwa kuwa ya kurudi Jumapili jioni huisha mapema.

Mpira na dansi

Nyumba yenye Yanga mmoja na Simba mmoja haina haja ya burudani ya kununua. Klabu hizo, za mwaka 1935 na 1936, ni watani wa jadi, na uwanja wa Benjamin Mkapa unaochukua watu 60,000 hujaa zinapokutana. Kwa mara ya kwanza msiende siku hiyo. Nendeni mechi ya kawaida ya ligi, mkae jukwaa la mzunguko, kila mmoja na jezi yake, na mtoke dakika tano kabla ya filimbi ya mwisho ili kukwepa msongamano wa mlangoni. Anayeshindwa apike kesho yake. Makubaliano hayo yafanyike kabla ya mechi, si baada.

Muziki wa dansi nao haujafa, licha ya yanayosemwa. Msondo Ngoma, bendi iliyoanza mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz, na Mlimani Park, yaani Sikinde, ya mwaka 1978, zimejenga wapenzi wanaowafuata kumbi kwa kumbi mwisho wa wiki. Ulizeni zinapiga wapi wiki hiyo. Bendi haishiki moto kabla ya saa 4 usiku, kwa hiyo laleni mchana, kuleni nyumbani, na panga usafiri wa kurudi na bajaji mnayoifahamu kabla ya kuingia. Watu wazima waliooana miaka 30 watakuwa wanacheza mbele yenu, na hakuna shule nyingine ya kujifunza hatua hizo.

Mvua zikianza

Masika, kati ya Machi na Mei, hubadilisha hesabu yote. Bonde la Jangwani hufurika, Mwendokasi husitisha safari za kupita hapo, na anayejua mji hatoki mbali na mtaa wake wingu likishakuwa jeusi upande wa bahari. Katika miezi hiyo mtoko uwe wa kutembelea kwa miguu: chipsi mayai kwa kijana wa kona, ambaye akiwazoea atawaongezea kachumbari bila kuombwa, mama lishe mwenye maharage ya nazi, genge la jioni ambako mnachagua nyanya wote wawili badala ya kumtuma mtoto. Wenye watoto wanaweza kuwaachia dada wa nyumbani au jirani kwa saa moja ya namna hiyo bila kuhitaji ruhusa ya ukoo, jambo ambalo ni gumu zaidi kwa mtoko wa siku nzima.

Mvua ikinyesha mchana wa Jumamosi na mko mjini, Maktaba Kuu ya Taifa iliyopo barabara ya Bibi Titi Mohamed ina viti, ina utulivu na ina magazeti. Daladala zikianza kupita zimejaa na madirisha yamefungwa, msizikimbilie. Subirini saa moja. Maji barabarani yakipungua, konda yule yule aliyekuwa hasimamishi atakuwa anawaita.